Kura Yangu Ilikufa Kabla ya Jumanne Kuu: Barua ya Wazi kwa Katibu wa Jimbo la Minnesota

Kwa Mheshimiwa Katibu wa Jimbo,
St. Paul, Minnesota

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Brooklyn Park. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Nakala ya Kiingereza nimeshaituma ofisini kwako kwa posta. Hii ya wazi nataka isomwe na Wakenya, Wakongo na Watanzania ninaokutana nao kanisani na dukani, watu walioapa uraia juzijuzi na ambao kila mara wananiuliza kama kuna haja ya kujisumbua na kura ya mchujo, ile ya kuchagua mgombea wa chama.

Mimi ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee. Zamu yangu huanza saa tano usiku na kwisha saa moja asubuhi, na mwenzangu asipofika naunganisha. Najua sheria ya Minnesota inamruhusu mfanyakazi kutoka kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, na naishukuru. Lakini mzee anayetakiwa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hawezi kusubiri nirudi kutoka kituoni. Ndiyo maana tangu nipate uraia napiga kura ya mapema, na ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2020 yananiuma hadi leo.

Mwaka ule Minnesota ilikuwa imeacha mikutano ya jioni ya vyama na kurudi kwenye kura ya mchujo ya urais. Karatasi zilianza kutolewa tarehe 17 Januari, siku 46 kabla ya Jumanne Kuu ya tarehe 3 Machi, siku ambayo majimbo mengi hufanya mchujo kwa pamoja. Hata Iowa, inayojivunia kutangulia, ilikuwa haijapiga. Mimi nilijaza yangu katikati ya Februari, asubuhi, bado nimevaa sare ya kazi. Niliwasoma wagombea wa chama cha Democratic mmoja mmoja, nikawasikiliza kwenye midahalo, nikachagua. Jina silitaji, kura ni siri.

Jumamosi tarehe 29 Februari South Carolina ikapiga kura, Joe Biden akashinda kwa kishindo. Usiku uleule Tom Steyer akajitoa. Jumapili akajitoa Pete Buttigieg. Jumatatu ikawa zamu ya Amy Klobuchar, seneta wetu wenyewe, ambaye mwaka mmoja kabla alitangaza kugombea akiwa amesimama kwenye theluji pale Boom Island, bustani ya Minneapolis, nywele zimejaa weupe. Jioni hiyo alikuwa Dallas, jukwaani, akimuunga mkono Biden. Kulipokucha vituo vikafunguliwa katika majimbo 14. Mimi nilikuwa kazini, runinga ya sebule ya wazee imewashwa kwa sauti ya chini, na nikasikia niliyemchagua akizungumziwa kama mtu aliyekwisha kuondoka. Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa nikajiuliza: sasa mimi nimempigia nani?

Siwalaumu waliojitoa. Mgombea ana haki ya kuondoka siku anayoona njia imefungwa. Ninachokililia ni karatasi iliyoshindwa kunifuata pale mambo yalipogeuka. Siku ile zaidi ya kura 40,000 za Minnesota zilihesabiwa kwa Klobuchar, ambaye hakuwa mgombea tena. Wapo waliompigia siku hiyohiyo kwa heshima, nalijua hilo. Hata hivyo maelfu walikuwa kama mimi, watu waliotangulia kwa nia njema. Na kwa kanuni za Democratic, asiyefikisha asilimia 15 hapati mjumbe wa kumpigia kura kwenye mkutano mkuu unaoteua mgombea. Kura hizo zilihesabiwa, zikatangazwa, na hazikumpeleka mtu yeyote kwenye mkutano mkuu wa chama.

Nikuambie nilikotoka, Mheshimiwa, ili uelewe kwa nini jambo hili silioni dogo. Februari 1988 nilikuwa kijana Kisii. Kenya ilikuwa na chama kimoja tu, na mchujo wa mwaka ule ulifanywa kwa mlolongo: hakuna karatasi, hakuna sanduku, unasimama hadharani nyuma ya picha ya mtu wako na kuhesabiwa kama ng'ombe kwenye josho. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi bungeni. Wakenya wa rika langu wanakumbuka foleni fupi zilizotangazwa kuwa ndefu, na mwalimu aliyeogopa kusimama alikotaka kwa sababu chifu alikuwa akimtazama. Kilio kilikuwa kikubwa hata mtindo huo ukaachwa mwishoni mwa 1990. Sitamani urudi, wala simtakii mtu yeyote aupitie.

Lakini hata katika aibu ile, mtu ambaye mgombea wake alikata tamaa angeweza kutoka kwenye foleni moja akaenda nyingine. Miguu ilikuwa yake. Kadhalika katika mikutano ya Democratic ya Iowa mwaka 2020, ambaye kundi lake lilikuwa dogo mno aliruhusiwa kuhamia kundi jingine ukumbini. Mimi niliyepiga kura kwa siri, kwa amani, katika nchi inayosifiwa kwa uchaguzi wake, sikuwa na pa kuhamia.

Wiki mbili tu baada ya mlolongo wetu, tarehe 8 Machi 1988, majimbo ya kusini mwa Marekani yalijikusanya kwenye Jumanne Kuu moja kubwa ili sauti yao isikike mapema. Baadaye Minnesota nayo iliingia kwenye Jumanne Kuu kwa sababu kama hiyo, na sipingi. Siku yenye majimbo mengi ina nguvu. Shida ni kwamba nguvu hiyohiyo ndiyo inayowasukuma wagombea wajitoe siku mbili tatu kabla yake, wakati sisi wa zamu tumeshafunga bahasha.

Na hapa ndipo nakuomba unisikilize zaidi, kwa sababu tangu 2020 sisi tumerudi nyuma. Wakati ule mpiga kura wa mapema aliyebadili nia aliweza kuomba karatasi yake ifutwe apewe nyingine hadi siku 7 kabla ya uchaguzi. Sasa mwisho ni siku 19 kabla. Sababu naijua: katika siku 18 za mwisho mpiga kura anaweza kuingiza karatasi yake mwenyewe kwenye mashine, jambo ambalo watu wamelipenda, na ofisi za kaunti zimepata muda wa kutosha kushughulikia bahasha. Kwa uchaguzi wa Novemba sina neno. Mchujo wa urais ni kitu kingine, kwa maana wagombea wake hupukutika wiki kwa wiki. Mwaka 2028 Jumanne ya kwanza ya Machi ni tarehe 7. Hesabu siku 19 kurudi nyuma, unafika 17 Februari. Vyama vyote viwili vitakuwa vinatafuta mtu mpya, uwanja utajaa, na mlango wetu wa kurekebisha utafungwa wiki mbili na ushee kabla.

Ninachoomba kipo hapahapa nyumbani. Minneapolis imekuwa ikipanga wagombea kwa nafasi tangu 2009. Shemeji yangu anayeishi huko huandika chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Wa kwanza akianguka, kura yake inakwenda kwa wa pili. St. Paul, unapofanyia kazi, wanafanya hivyo pia. Katika mchujo wa 2020 wenyewe, Democratic wa Alaska, Hawaii, Kansas na Wyoming walitumia njia hii. Kama ningeruhusiwa kuandika jina la pili Februari ile, kura yangu ingekuwa hai Jumanne.

Najua hutungi sheria. Lakini wewe ndiwe msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo, na ukisimama mbele ya kamati za bunge husikilizwa kuliko muuguzi wa usiku. Wapelekee mswada wa kupanga wagombea katika mchujo wa urais, mapema, kabla kampeni hazijachacha na kila upande haujaanza kupiga hesabu za nani atafaidika. Wakikataa, waombe angalau muda wa kufuta karatasi urudi siku 7 kwa mchujo huu peke yake. Na kwa sasa, tarehe ya mwisho ichapishwe kwa herufi kubwa juu ya bahasha, kwa Kiswahili pia. Nilikuja kuifahamu haki hiyo mwaka 2020 ilipokuwa imeshapita.

Kuna mama mmoja Mkongo tunayefanya naye zamu. Aliapa uraia mwaka jana, na mchujo wa 2028 utakuwa wa kwanza kwake. Ameniuliza apige kura lini: akingoja Jumanne yenyewe huenda akawa kazini, akitangulia huenda yakampata yaliyonipata. Bado sijamjibu. Naomba unijibu wewe, nimpelekee.

Wako kwa heshima,
Mpiga kura wa Brooklyn Park