Barua kwa swahiba wa Muheza kuhusu gari linalogonga likivuta

Ngamiani, Tanga

Swahiba wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, natumaini wewe na jamaa wote hapo Muheza hamjambo. Sisi huku tu wazima. Nimepata ujumbe wako kwamba Corolla yako inagonga kila unapokanyaga mafuta, na kwamba fundi uliyempelekea amekwisha kukudai fedha za kushusha injini. Nakusihi usikubali bado. Injini ikifunguliwa kwa kubahatisha, gharama haipungui hata ikibainika baadaye kwamba hapakuwa na kitu kibovu ndani yake.

Tuanze na mlio wenyewe. Umeniambia unausikia gari likiwa limebeba machungwa au likipanda njia ya Amani, na kwamba ukiachia pedeli kidogo unakatika. Mlio mkavu na mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, unaotoka pale tu injini inapovuta mzigo, mara nyingi hutokana na mafuta kuwaka vibaya, wala si chuma kilicholika. Beringi iliyokwisha ya konrodi, yaani mkono wa chuma unaoshika pistoni, ina mlio mzito zaidi, ambao husikika hata gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru, ukipandisha mzunguko wa injini, na huzidi oili inapopata moto ikawa nyepesi. Kwa hiyo lipashe gari moto, lipandishe mzunguko likiwa limesimama, usikilize. Ukisikia mlio huo mzito, shikilia mzunguko hapo, kisha mtu achomoe soketi ya umeme ya nozeli, kifaa kinachonyunyiza petroli, ya silinda moja moja. Mlio ukipungua kwa silinda fulani, beringi ya hapo ndiyo yenye kasoro, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli, nawe usiliendeshe tena mpaka lifunguliwe. Likinyamaza kabisa bila mzigo, soma yanayofuata kwa makini.

Kabla ya hapo, pita nje kidogo. Mauntingi, yaani kishikizo cha injini, iliyokatika hugonga mara moja kwa kishindo unapoondoka, na bati la kukinga joto la ekzosti hulia ovyo boliti zake zikiliwa na kutu, jambo ambalo sisi tulio karibu na bahari tunalijua vizuri. Yote mawili huonekana kwa macho na kwa kutikisa kwa mkono, injini ikiwa imepoa.

Sasa kuhusu mafuta kuwaka vibaya. Ndani ya silinda, plagi ikitoa cheche, moto unapaswa kuanzia hapo na kusambaa kwa mpangilio huku ukiisukuma pistoni chini. Mchanganyiko wa petroli na hewa ulio mbali na plagi hubanwa na kupata joto wakati ukiusubiri moto huo, na joto likizidi hujilipukia wenyewe kwa ghafla. Mshindo unaozipiga kuta za silinda ndio unaousikia. Ndiyo maana hutokea kwenye mlima, ukiwa na gia kubwa na mzunguko mdogo, kwa kuwa hapo mgandamizo na joto viko juu na muda wa kujilipukia unakuwa mrefu. Ukiachwa uendelee, unaweza kutoboa pistoni au kuunguza gasketi ya silinda hedi, basi usiuzoee hata kama gari linaendelea kwenda.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni petroli. Uwezo wake wa kuhimili mbano bila kujilipukia hupimwa kwa namba ya okteni, na mafuta ya taa yakichanganywa ndani yake namba hiyo hushuka sana. Uchakachuaji huo ndio uliosababisha EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanza kutia vinasaba, yaani alama za kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010, na serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Tumia petroli iliyomo mpaka ikaribie kwisha, ukienda polepole na bila mzigo, kisha jaza kwenye kituo kingine unachokiamini.

Mlio ukibaki, mimi ninashuku taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kuliko kitu kingine chochote. Gari langu lilikuwa na mlio huo huo, nami pia niliambiwa injini ishushwe. Mzee mmoja wa gereji hapa Ngamiani akaomba kwanza taa ya taimingi, ambayo hupima wakati huo, akakuta distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, imezungushwa mbele kupita kiasi hata cheche ikatoka mapema mno, kazi ya mtu aliyetaka gari liwe jepesi. Injini ya 5A-FE kama yako hupimwa ikiwa ya moto na ikinguruma taratibu, baada ya kuunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, na alama inapaswa kusoma nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Asiyeunganisha waya huo hupata kipimo cha uongo, kwa sababu kompyuta inaendelea kuisogeza cheche. Msimamie fundi hapo bila kuona haya.

Taimingi ikiwa sahihi, tazama joto: maji ya rejeta, thermostati, feni. Chomoa plagi pia. Iwe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ikiwa kichwa chake ni cheupe sana, huenda mchanganyiko una mafuta kidogo kutokana na nozeli au filta iliyoziba. Masizi juu ya pistoni nayo huongeza mbano, lakini hayo yaje mwisho.

Wakati ukiyafanya haya, ukifika mlimani shusha gia mapema na punguza magunia. Ukikosa taa ya taimingi hapo Muheza, njoo nalo Tanga siku ambayo huna mzigo, nami nitamwomba mzee akutengee asubuhi. Wasalimie mama na watoto.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Ngamiani