Ndugu yangu ameukataa ubani wa jioni ya Mamajusi, na Mama anataka wanawe wote

Shangazi, shikamoo.

Natumai u mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni mama wa makamo, kifungua mimba wa nyumba yetu, naishi Kisauni hapa Mombasa, si mbali na Kengeleni. Nakuandikia mapema kwa sababu jambo lenyewe litatufikia mwanzoni mwa Januari, na nikingoja mpaka watu wawe wameshapanda gari moshi kuja Pwani, hakuna litakalorekebishika tena.

Mama yetu anataka wanawe wote wawe uani kwake jioni ya Epifania. Ndugu yangu anayenifuata amesema hakanyagi pale mpaka mambo matatu yaondolewe: ubani, chaki ya mlangoni na kuchoma mti. Mama hataki kuondoa hata moja. Wote wawili wananipigia simu mimi.

Nikueleze kwanza hiyo jioni ilivyo, maana hata Wakristo wengi hapa mjini hawaijui. Kwetu Krismasi haimaliziki kwa sababu mwaka mpya umeingia. Kanisa Katoliki huhesabu siku za Noeli mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, na kabla yake huja Epifania, siku ya Mamajusi, wale wasoma nyota wa mashariki, kufika Bethlehemu kumwona mtoto Yesu. Tarehe yake ya asili ni 6 Januari, ila parokiani kwetu huadhimishwa Jumapili. Mama ni Mtaita, amekulia karibu na misheni ya Wakatoliki kule Bura, na alipoolewa Mombasa alikuja na desturi ya chaki. Baba akaongeza moto. Jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye ni Mwislamu, akaongeza ubani. Ndivyo jioni yetu ilivyokua, kila mtu akitia chake.

Mti wetu wa Krismasi ni tawi la mvinje. Marehemu Baba aliupenda sana mti huu, na alikuwa akituhadithia jinsi mivinje ilivyopandwa kwenye machimbo ya mawe ya saruji kule Bamburi kuanzia mwaka 1971, mahali palipokuwa jangwa tupu, na ikashika. Ukikaa sebuleni hadi Januari unakuwa umekauka kabisa, ukiugusa tu unapukutika. Jumapili hiyo tunautoa nje, tunaukata vipande, tunauchoma ndani ya ringi ya lori ambayo Baba aliiweka katikati ya ua, mbali na makuti ya jirani kwa sababu ya upepo wa kaskazi. Ndoo ya mchanga lazima iwe pembeni. Mvinje mkavu hauna mchezo: unashika mara moja, unalia kama mvua ya mawe juu ya mabati, na watoto wote wanarudi nyuma hatua moja wakipiga kelele.

Hatuanzi kuimba mpaka adhana ya magharibi iishe. Hiyo ilikuwa amri ya Baba na bado tunaifuata. Ikiisha, kwenye saa moja kasorobo hivi, Mama anasoma Injili ya Mathayo sura ya pili, kisha mtoto mdogo kuliko wote anainuliwa mabegani na kuandika juu ya fremu ya mlango kwa chaki iliyobarikiwa parokiani. Januari iliyopita iliandikwa 20+C+M+B+26, yaani mwaka 2026 na herufi tatu katikati. Herufi hizo ni za majina ambayo mapokeo yamewapa Mamajusi, Gaspari (Caspar kwa C), Melkiori na Baltazari, na pia ni sala fupi ya Kilatini ya kumwomba Kristo aibariki nyumba. Halafu tunakula: mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu, viazi karai, mishikaki, maji ya ukwaju. Vitu vya bei ndogo, kwa kuwa Januari hakuna mwenye pesa na karo inasubiri. Kwa watoto ndiyo jioni ya mwisho ya kucheza, maana sare za shule zinakuwa tayari zimepigwa pasi.

Sasa ubani. Shangazi, wewe unajua kwamba hapa Pwani ubani ni kitu cha nyumbani. Hufukizwa nguo za harusi, chumba cha mzazi, nyumba yenye msiba, usiku wa kuamkia Ijumaa. Yule mama jirani aliposikia zamani hizo kwamba wale Mamajusi walimpelekea mtoto Yesu dhahabu, ubani na manemane, alimwambia Mama: "Basi ubani niachieni mimi." Tangu wakati huo huwa anaununua mwenyewe Marikiti. Anauchagua punje kwa punje, anatoa zile zenye maganda ya mti, anabakisha nyeupe. Huja na chetezo chake cha udongo na makaa yameshawaka, anakiweka kibarazani, kisha anakaa kando ya Mama mpaka usiku. Wamelea watoto pamoja hao. Mimi mwenyewe nimenyonya kwake Mama alipolazwa.

Ndugu yangu hakuwa hivi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwainua watoto mabegani waandike. Lakini mkewe aliharibikiwa na mimba mara kwa mara, na katika kuhangaika, jamaa mmoja wa upande wa wifi akawapeleka kwa mganga. Huyo aliwapigia falaki, akawafukiza chumbani, akawala pesa hadi ndugu yangu akauza kiwanja alichokuwa amekinunua kwa jasho la miaka. Hawakupata mtoto. Baadaye wakaanza kusali katika kanisa moja la walokole, watu wa pale wakawashika mkono kweli, wakawalisha, wakakesha nao, na Mungu akawajalia watoto wawili. Kwa hiyo siwezi kusema anajifanya. Akinusa ubani anakumbuka chumba cha yule mganga, na nimemwona kwa macho yangu akitokwa na jasho.

Januari iliyopita alikuja amechelewa, moto umeshawaka. Akaona chetezo kibarazani, moshi unaingia ndani anakokaa mtoto wake. Hakusalimia. Alikiinua kwa kitambaa, akakitoa mpaka nje ya geti, akakitua kando ya mtaro. Yule mama jirani alikuwa amekaa palepale. Hakusema neno. Aliinuka, akajifunga vizuri leso yake, akamwambia Mama "Alamsiki, dada," akatoka, akakiokota chetezo chake, akaenda kwake. Mpaka leo tunasalimiana barabarani, tukipika tunapelekeana, lakini uani kwetu hajaingia tena.

Na lililomuumiza Mama zaidi lilikuja baadaye. Mtoto wa ndugu yangu, wa darasa la tatu, alimsogelea nyanya yake akamuuliza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote: "Nyanya, kwani wewe ni mchawi?" Nilikuwa nimesimama nyuma yao na sahani ya mihogo. Mama alimpapasa kichwa, akaingia ndani, na hakutoka tena usiku ule. Mlango haukuandikwa mpaka asubuhi, na aliyeandika alikuwa mimi.

Nimezungumza na ndugu yangu kwa kirefu. Anasema Mamajusi walikuwa wasoma nyota, na kusoma nyota ndiyo falaki ileile iliyomfilisi, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 imekataza. Anasema majina yale matatu hayamo kwenye Biblia. Hapo amesema kweli, hayamo, na hata idadi yao Mathayo hakuitaja. Nilimjibu kwamba hao wasoma nyota walipofika walipiga magoti wakamsujudia mtoto, wala hawakurudi kwa Herode, kwa hiyo Injili inawataja kwa heshima. Akasema nisimfundishe neno. Tukaishia hapo.

Nimekwenda pia kwa padri wetu. Alinisikiliza vizuri, akaniambia chaki na ubani ni desturi njema za kusaidia sala, si sharti, na familia ikisali bila hivyo haijapungukiwa na kitu. Mimi yalinipa nafuu maneno hayo. Nilipomfikishia Mama, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Sharti si chaki. Sharti ni kwamba mtu hatolewi nyumbani kwangu." Alikuwa anamsema jirani yake.

Mdogo wetu aliye Nairobi anasema nisihangaike, nyumba ni ya Mama, asiyetaka abaki kwake. Ni rahisi kwake kusema hivyo, yeye huja siku mbili akaondoka. Mimi ndiye nitakayeona kiti kitupu na uso wa Mama. Ametimiza miaka 79, magoti yanamsumbua, na mwaka huu ametamka jambo ambalo hajawahi kutamka: kwamba angependa awaone wote pamoja, kwa kuwa hajui atakuwapo mara ngapi tena. Ami yetu ameshauri tuhamie ufuoni Nyali, tukae tu na chakula, bila moto wala mlango wa kuandikwa, watoto waogelee, jambo liishe. Mama amekataa. Anasema jioni ile ni ya nyumba ile, na miguu yake haiwezi mchanga.

Kuna jambo moja bado linanipa matumaini. Wifi yangu alinipigia simu faraghani, akaniambia mumewe hana raha tangu siku ile, kwamba amewahi kusimama nje ya geti la yule mama jirani akageuka bila kubisha. Ameniomba nisimwambie kwamba nimejua.

Basi nakuuliza, Shangazi, na wasomaji wengine waliopitia mambo ya imani kugawanyika ndani ya nyumba moja watanisaidia pia. Je, nimwombe Mama ubani ufukizwe mapema, alasiri, upande wa jikoni, moshi uwe umeisha kabla ndugu yangu hajafika? Naogopa itaonekana tunamficha yule jirani kama kitu cha aibu. Au nimwambie ndugu yangu wazi kwamba kabla ya kuzungumzia chaki na mti, aende kwanza kwa yule mama akamwombe radhi, mengine yafuate? Na kama ni hivyo, niende naye mimi dada yake, au nimwachie Ami ambaye ni mwanamume na mkubwa wake? Upande wa mti nadhani tutaelewana, kwa kuwa kuchoma taka za mvinje hakuna ibada ndani yake na Baba hakuufanya ule moto kwa ajili nyingine ila watoto wafurahi.

La mwisho ni yule mtoto. Anakua akiamini nyanya yake ni mchawi. Mimi ni shangazi yake; naweza kukaa naye nikamweleza, lakini nikifanya hivyo bila baba yake kujua nitakuwa nimeingilia malezi ya mtu, na nikimwachia baba yake sijui atamwambia nini. Nifanyeje hapo?

Tafadhali nijibu kabla ya katikati ya Desemba. Wakati huo ndipo Mama huanza kuulizia mvinje, na nataka nikimpelekea niwe najua nitamwambia nini.

Mimi,
Kifungua mimba, Kisauni