Shukrani kwa mwamuzi wa mashindano ya karata, Dodoma

Kwa niaba ya wazazi tuliowaleta vijana wetu kwenye mashindano ya mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering katika ukumbi wa Area D, napenda kumshukuru hadharani dada aliyekuwa mwamuzi, ambaye aliondoka kabla hatujapata jina lake.

Binti yangu alipokuwa akivuta karata, iliyofuata ilishikana nayo ikafunuka juu ya meza, na papo hapo zikasikika sauti kwamba anadanganya. Dada huyo aliwasikiliza wachezaji wote wawili kwa utulivu, akauliza kama kulikuwa na karata ambazo nafasi zake katika rundo zilijulikana kihalali, kisha akaagiza zilizobaki zichanganywe upya, akatoa onyo, akaliandika, na kufidia muda uliopotea. Alimkumbusha pia mpinzani kwamba ana haki ya kukata rufaa kwa mwamuzi mkuu.

Ninachokithamini zaidi ni jinsi alivyotenganisha kosa la bahati mbaya na udanganyifu: la kwanza hurekebishwa na kupewa onyo, ambalo likijirudia siku hiyo hiyo huweza kumpotezea mchezaji mchezo mzima, ilhali anayevunja kanuni kwa makusudi ili apate faida huondolewa mashindanoni. Binti yangu aliendelea kucheza akiwa ametulia, jambo gumu mno kwa mtoto aliyetoka kuitwa mwongo mbele za watu.

Dada yetu, popote ulipo, pokea shukrani zetu za dhati.