Lori la dalali lisiitangulie amri ya mahakama

Mhariri,

Tangu Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ichukue nafasi ya sheria ya zamani ya ufilisi, ile Sura ya 53, Mkenya aliyelemewa na madeni ana njia ya kuepuka kutangazwa mufilisi. Anaandaa pendekezo la kulipa, anampata mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni akubali kuwa msimamizi wa muda, kisha anaiomba Mahakama Kuu amri ya muda ya kumlinda. Amri ikishatolewa, hakuna anayeruhusiwa kumfungulia kesi wala kukaza hukumu dhidi yake (yaani kuitekeleza, kwa mfano kwa kunadi mali yake) bila idhini ya mahakama. Inadumu siku 14, na mahakama inaweza kuziongeza.

Tunapojadili jambo hili huwa tunabishania hizo siku 14, kama zinatosha au hazitoshi. Mimi naona pengo liko kabla yake: kati ya siku ombi linapowasilishwa na siku jaji anapolisikiliza.

Chukua mshonaji mwenye kibanda chake. Dalali amefika na hati ya mahakama, ameorodhesha cherehani mbili, pasi, friji na makochi, kila kimoja na thamani yake kando, akamwachia karatasi. Kanuni za madalali zinampa siku saba za kukomboa mali hiyo. Katika siku hizo atafute wakili, msimamizi akubali kazi, hati ya kiapo iandikwe, ada ilipwe. Siku ya tano ombi linaingia, linapangiwa kutajwa wiki mbili mbele. Siku ya nane lori liko mlangoni. Amri ikija baadaye itamkuta hana cherehani, na kila shilingi aliyowaahidi wadai ilitegemea cherehani hizo. Mdai mmoja amelipwa kwa bei ya mnada. Waliobaki wanagawana ahadi isiyotekelezeka.

Sheria haikulisahau hili. Inaipa mahakama uwezo wa kusimamisha kesi na ukazaji wa hukumu wakati ombi bado linasubiri. Tatizo ni kwamba mawakili wengi huikazania amri yenyewe na kuligusia ombi la kusimamisha ukazaji kwa mstari mmoja, kama wanaligusia. Jaji anayesoma faili chini ya cheti cha dharura, yaani hati inayosema shauri haliwezi kungoja, anaweza kuuzuia mnada kwa siku chache bila kuamua lolote kuhusu pendekezo.

Najua watakaosema nawafungulia mlango wadaiwa wajanja. Wapo, na baadhi yao wana mawakili wazuri kuliko wadai wao. Ila aliyeomba amri kama hii ndani ya miezi 12 iliyopita hapewi nyingine, na msimamizi analazimika kuiambia mahakama kama pendekezo lina mashiko. Jaji pia anaweza kuweka masharti: mdaiwa asiuze wala kuhamisha chochote, na alete orodha kamili ya mali na madeni kabla ya kusikilizwa.

Ninachoomba ni mwongozo wa Idara ya Mahakama kwamba maombi haya yafike mbele ya jaji siku yanapowasilishwa, na suala la kusimamisha mnada liamuliwe hapo hapo, hata kama mengine yatangoja. Agizo likitoka, nakala imfikie dalali siku hiyo hiyo. Sasa hivi kazi hiyo anaachiwa mdaiwa, naye mara nyingi hajui hata ofisi ya dalali iko wapi.

Msomaji,
Nakuru