Helios mliyoniuzia haioni mbali

Mteja wenu,
Mombasa.

Meneja wa Mauzo,
Duka la Kamera za Mitumba,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: LENZI YA HELIOS 44-2 NA ADAPTA YAKE

Wiki mbili zilizopita niliwalipa shilingi 9,500 kwa lenzi hii ya milimita 58 pamoja na adapta, ile pete ya kuiunganisha na kamera. Kabla ya kulipa niliwauliza kwa WhatsApp, tena mara mbili: itafanya kazi kwenye Nikon? Mkajibu, "Bila shida yoyote." Ujumbe ninao.

Shida ipo. Helios ni lenzi ya Mrusi yenye skrubu ya M42 (upana wa milimita 42), iliyoundwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Nikon za mlango wa F, kama yangu, ni 46.5, na lenzi ikikaa mbali zaidi ya kipimo chake haiwezi kulenga vitu vya mbali. Hiyo milimita moja, pamoja na unene wa adapta yenu isiyo na kioo cha kurekebisha, ndiyo iliyoniharibia Jumamosi yangu. Nilikwenda Mama Ngina kupiga picha meli zikiingia Kilindini. Nikazungusha pete mpaka mwisho, kwenye ile alama ya nane iliyolala, yaani umbali usio na mwisho, meli bado ukungu mtupu. Aliyetoka safi ni mwanangu, aliyekuwa hatua mbili mbele yangu, hata kope zinahesabika.

Helios yenyewe siitukani. Ule mbuyu nyuma ya mtoto, majani yakizunguka kama maji ya kisima yaliyokorogwa, ndio ulionifanya niitafute. Na kulenga kwa mkono nilikujua, nikakutaka.

Lakini tangazo lenu lilisema pia "kioo safi." Nilipofungua mzigo nikamulika tochi ya simu kwa nyuma, nikaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui zikitambaa kutoka ukingoni. Fangasi hiyo. Msije mkasingizia unyevunyevu wa pwani: picha niliwatumia saa ileile, mkazisoma, mkanyamaza. Sasa naogopa hata kuiweka kabati moja na lenzi zangu nyingine.

Adapta yenye kioo msinitumie; itapunguza ukali wa picha, na fangasi itabaki palepale. Nataka shilingi 9,500 zangu zote, na 400 nilizolipia usafirishaji. Lenzi nimekwisha kuifunga kwenye boksi lenu lilelile. Niambieni kabla ya Ijumaa niipeleke ofisi gani ya mabasi, na gharama ya kuirudisha ni juu yenu.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Mombasa