Je, mji ndio unaozaa ujambazi?

Kayole, Nairobi

Mpendwa rafiki yangu,

Pokea salamu nyingi, wewe na jamaa yako yote. Sisi hapa tu wazima.

Umeniandikia kwamba hutamruhusu kijana wako aje kusomea huku, kwa kuwa mji ukipanuka ujambazi nao huzidi. Hofu yako naielewa. Hapa kwetu wafanyakazi wa viwandani wanaorauka saa kumi alfajiri hungojana langoni ili waende stejini wakiwa kundi, kwa sababu wanyang'anyi humvizia aliye peke yake. Hata hivyo, naona lawama tunaibandika pasipostahili.

Tokyo ni miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani, na mauaji huko ni machache mno. Shaw na McKay, wanasosholojia wa Marekani, katika utafiti wao wa mji wa Chicago uliochapishwa mwaka 1942, walionyesha kwamba mitaa ileile iliendelea kuwa na uhalifu mwingi wa vijana hata jamii moja ya wahamiaji ilipoondoka na nyingine kuingia. Umaskini na kuhamahama viliwanyima wakazi nafasi ya kujuana, sembuse kumkanya mtoto wa jirani.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1969 ilikuwa na watu wapatao nusu milioni, na sensa ya mwaka 2019 ikahesabu 4,397,073. Nyumba, taa na ajira hazikwenda na kasi hiyo. Mpangaji wa chumba cha mabati kule Mathare, asiyejua kama mwezi ujao atakuwa papo hapo, atajenga ujirani na nani? Mtaani kwetu ilipowekwa ile taa ndefu tunayoiita mulika mwizi, mama mboga waliokuwa wakifunga vibanda giza likiingia walianza kuuza hadi saa tatu usiku, na kwa kuwa watu wapo, njia ile haivamiwi ovyo.

Kinachoniuma zaidi ni vijana wa Mathare, Dandora na hapa Kayole wanaouawa kwa risasi za polisi bila kufikishwa mahakamani. Mzazi aliyemzika mwanawe hivyo hawezi kwenda kituoni kutoa ushahidi dhidi ya jambazi anayemjua, na jambazi huyo huendelea kutamba.

Mwache kijana aje. Nitamtafutia chumba katika ploti ambayo wapangaji wamekaa miaka mingi na wanaitana kwa majina. Nijibu kabla muhula haujaanza.

Ni mimi rafiki yako wa dhati.