Risala ya Walimu wa Darasa la Awali kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, wazazi na walezi,

Karibuni sana. Tunazungumzia jambo moja: mtoto anayeanza awali Januari huku nyumbani bado anafanyiwa kila kitu.

Watoto hawa hawakosi akili. Wengi wanajua kuhesabu. Kinachowaliza ni kifungo cha kaptula. Akishindwa kukifungua chooni hujikojolea, wenzake humcheka, na kesho yake anaamka akisema tumbo linauma. Aliyezoea kulishwa na dada huutazama uji hadi mapumziko yaishe. Saa tano ana njaa, analia, na nyumbani inasemwa hapendi shule.

Hofu ya mzazi wa jiji hili tunaielewa, maana bodaboda zinapita hadi uchochoroni. Kumshika mkono barabarani ni wajibu. Kumvisha soksi mtoto wa miaka mitano ni kumcheleweshea mikono yake.

Getini ndipo panapoharibika zaidi. Mzazi akichungulia dirishani, kilio kinaanza upya. Akitoroka bila kuaga, mtoto hashiki somo, macho yote mlangoni. Akirudi kumchukua kwa sababu amelia, kesho atalia zaidi, kwani ameona kilio ndicho kilichomrudisha mama. Muageni mara moja, kwa ufupi: "Nitakuja mkishakunywa uji na kucheza." Umri huu hausomi saa, unafuata ratiba. Kisha ondokeni, na mje kweli wakati huo. Jumatatu na baada ya likizo kilio hurudi; msishtuke. Kikizidi wiki nne, au mtoto akiacha kula na kulala, tuonane, huenda si deko.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, avae sare mwenyewe hata akitumia robo saa, afungue chombo chake cha chakula, achuchumae chooni, ajisafishe, anawe kwa sabuni. Nguo ya mpira kiunoni na viatu vya kubandika humrahisishia. Dada wa nyumbani naye aelezwe. Akiendelea kumlisha mchana, mazoezi ya asubuhi yamepotea.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Wanaoandikishwa waruhusiwe kukaa darasani asubuhi moja mwezi Novemba, wazazi wakiwa kikaoni na walimu. Pia liongezwe bomba la kunawia lenye kimo cha watoto wa awali, kwani lililopo hawalifikii bila kunyanyuliwa.

Tunaomba kuwasilisha.